Kuhara damu, kaunta buku moja na picha iliyofika kwa grupu ya wazazi: uchambuzi wa kisa cha shule ya bweni

Kisa hiki ni cha shule ya bweni ya wasichana katika ukanda wa kati ya Kisumu na Kakamega. Jina la shule, mwaka, idadi ya wanafunzi na chochote kinachoweza kumfichua mtoto nimekitoa, na vitu vichache vidogo nimevibadilisha makusudi. Nimewaandikia manesi wa shule, madeputi, walimu wakuu na wenzangu wa rekodi za afya, juu hii maneno ya rekodi za wanafunzi wengi huiona ni ya kujaza fomu tu mpaka siku ugonjwa unaingia bweni. Mimi nafanya kazi ya rekodi za afya kwa hospitali ya kaunti ndogo. Niliingia kwa kisa siku timu ya afya ya umma ilipotumwa shuleni, yale ya kabla nimeyapata kwa kuongea na wahusika na kusoma vitabu vyao, nao walikubali yaandikwe.

Mazingira ya shule na rekodi zake

San (chumba cha wagonjwa) ya shule hii ni chumba kimoja chenye vitanda vinne, meza na kabati la chuma la dawa, na ufunguo wa kabati ulikuwa unaning'inia kwa msumari nyuma ya mlango, kila mtu anajua uko hapo. Nesi ni mmoja, ameajiriwa na BOM (bodi ya usimamizi wa shule) kwa kandarasi, analala nje ya shule, akienda off mamatroni wawili ndio wanashika. Nesi mwenyewe ni mtu wa bidii, hilo niliseme mapema kwa sababu kuna watu wakisoma kisa kama hiki wanakimbilia kumlaumu mtu wa chini, na hapa shida ilianza mbali sana na meza yake.

Rekodi yote ya afya ilikuwa ndani ya kaunta buku moja nyeusi ya jalada gumu. Kurasa za mbele ni za wagonjwa wa kila siku, mistari imepigwa kwa biro na rula: tarehe, jina, kidato, shida, dawa. Ukisoma unakuta "Akinyi F2, tumbo, Flagyl na Buscopan", chini yake "Nafula, kichwa, Panadol", halafu "Akinyi, tumbo" tena bila kidato. Kidato cha pili peke yake kilikuwa na kina Akinyi zaidi ya wanne. Hakuna namba ya usajili, hakuna bweni, hakuna siku dalili zilianza, na hakuna pa kuandika mtoto alipona ama alirudi.

Kurasa za mwisho za kitabu hicho hicho nesi alikuwa amezitenga kwa listi ya wanaotumia dawa za kila siku. Huku majina ni kamili. Wa pumu na inhela zao, wa kifafa, wasichana wa selimundu na folic acid na Paludrine (ya kuzuia malaria) yao (selimundu ni ule ugonjwa wa damu wa kurithi, sickle cell; upande huu wa ziwa selimundu si jambo geni, karibu kila shule ina mtoto), na majina matatu ambayo mbele yake aliandika herufi tatu tu, CCC. Yeye alidhani ameficha. Lakini nani huku hajui CCC ni kliniki ya watu wanaotumia ARV, dawa za HIV, hospitali nyingi zimekuwa nayo na kibao chake.

Fomu za kiafya ambazo wazazi huleta siku ya kuripoti, zile zenye muhuri wa hospitali, zilikuwa kwa faili za usajili katika ofisi ya deputi pamoja na risiti na nakala za cheti cha kuzaliwa. Nesi hakuwa amewahi kupewa. Alichojua kuhusu afya ya mtoto ni kile mzazi alikumbuka kumwambia pale getini, ama mtoto mwenyewe alipougua. Kwa hivyo aliyekuwa na fomu hakuwa na kazi nazo, na mwenye kazi nazo hakuwahi kuziona.

Upande wa kuripoti, hakuna aliyekuwa anaripoti. Shule ilijaza NEMIS, mfumo wa serikali wa data za wanafunzi, vizuri, dawa za minyoo zikija walimu walijaza fomu zao bila tatizo, lakini magonjwa ya kila wiki yalibaki san. Nesi aliniambia alijua kuna MOH 505, ile ripoti ya kila wiki ya magonjwa yanayofuatiliwa, ila alijua ni ya vituo vya afya, na san yao haina kodi ya MFL (namba ya kituo kwa orodha ya serikali ya vituo vya afya) kwa hivyo haiwezi kuingia kwa KHIS (mfumo wa taifa wa ripoti za afya) yenyewe. Hapo alikuwa sawa nusu. Ni kweli san ya namna hiyo haiingizi ripoti kwa mfumo, lakini inatakiwa kuwa na kituo cha afya kilicho karibu ambacho inakipa hesabu yake, nacho ndicho kinapeleka pamoja na zake. Halafu Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, haimwachii nesi peke yake. Ikijulikana mtoto wa shule ana ugonjwa wa kuambukiza, mkuu wa taasisi mwenyewe anapaswa kupeleka habari kwa wakuu wa afya bila kukawia. Mwalimu mkuu hakuwa amewahi kuambiwa hilo na mtu yeyote, na sidhani ni yeye peke yake.

Yaliyotokea

Watoto walikuwa wametoka midterm. Jumatano wasichana wachache walikuja san na tumbo la kusokota na kuendesha, wakapewa Flagyl na Buscopan wakarudi darasani. Alhamisi wakaongezeka. Ijumaa wawili wakasema wameona damu chooni, na nesi akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Madam akamuuliza, "Sista, wako wangapi sasa?" Nesi akajibu, "Kama kumi hivi Madam, ama zaidi, wengine wanarudi rudi." Hakuna aliyeweza kusema ni wangapi. Kitabu kilikuwa na mistari mingi ya "tumbo" lakini kati ya hio mistari huwezi kujua ni watoto wangapi, na wale waliokuwa wanaona aibu kuja san hawamo kabisa.

Madam akaamua wangoje mpaka Jumatatu. Sababu yake nimeisikia kutoka kwa mdomo wake na ninaielewa: kila mtu wa elimu huku anakumbuka Aprili 2023, shule ya wasichana Kakamega ilipofungwa baada ya wanafunzi kufa na mamia kuugua, na majibu ya maabara yakataja E. coli na salmonella ya typhoid. Aliogopa akipiga simu tu, kesho yake kuna kamera getini na wazazi wanabeba masanduku.

Jumapili usiku wasichana wawili walilegea, gari la shule likawaleta hospitalini. Klinikal ofisa wa zamu akaona sweta za rangi moja na shida ni moja, akachukua sampuli za choo kabla hajaanza antibaiotiki, akazitia kwa vichupa vya Cary-Blair vya kuhifadhi sampuli zisiharibike njiani, na usiku huo huo akampigia mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo. Kwa hivyo habari ya shule ilitufikia kupitia kasualti, siku nne baada ya mgonjwa wa kwanza.

Jumatatu asubuhi tulifika, afisa wa afya ya umma, mratibu na mimi. Kitu cha kwanza mratibu aliomba ni orodha ya wagonjwa mmoja mmoja, kila mtoto mstari wake: namba, umri, kidato, bweni, siku dalili zilianza, dalili gani, damu ipo ama haipo, amepewa nini, sasa yuko aje. Kitabu hakingeweza kutupa hio. Tulichukua listi za madarasa zenye namba za usajili, tukaweka meza kwa darasa moja tupu, wasichana wakaitwa mmoja mmoja, mlango umefungwa ili mtu aweze kusema "nimeona damu" bila wenzake kusikia. Tulikubaliana kwanza nani anahesabiwa: aliyeendesha mara tatu au zaidi kwa siku tangu kutoka midterm, na wa damu tukawawekea alama yao. Ilichukua mpaka giza linaingia. Wale "kama kumi" wakawa zaidi ya thelathini.

Na hapa ndipo niliona kazi ya safu moja tu ambayo haikuwa kwa kitabu. Mpaka saa hizo shule nzima ilikuwa inalaumu maharagwe, mpishi mmoja alikuwa tayari ameambiwa akae nyumbani. Tulipopanga orodha kwa kidato haikuonyesha chochote, wametoka kila mahali. Tulipopanga kwa bweni, karibu wote wakaangukia mabweni mawili. Jikoni ni moja kwa wote, lakini mabweni hayo mawili yanachota maji kwa tangi lao. Afisa akaenda na kifaa chake cha kupima klorini, akatia kidonge kwa maji ya bomba, na maji yakabaki meupe vile vile, ishara kwamba klorini haimo, wakati bombani inatakiwa ibaki angalau 0.2 mg kwa lita. Kifuniko cha tangi kilikuwa pembeni kwa nyasi, na wakati wa midterm fundi alikuwa amebadilisha kipande cha bomba kinachopita karibu na vyoo.

Jumanne ndio picha ilitoka. Wazazi walikuwa wameanza kusikia, simu ya deputi haikupumzika, akamtumia nesi meseji: "Sista nitumie listi ya wagonjwa haraka nijue nani nimjibu nini." Nesi alikuwa anamwekea msichana dripu. Akafungua kitabu, akapiga picha, akatuma, akarudi kwa mgonjwa. Kitabu kilikuwa kimekaribia kuisha. Kurasa za kila siku zilikuwa zimesonga mpaka zikakutana na zile za nyuma, kwa hivyo upande wa kushoto ulikuwa wagonjwa wa wiki hiyo na upande wa kulia ulikuwa listi ya dawa za kila siku, majina kamili, CCC na yote. Deputi akaifowadi kwa grupu ya walimu wa madarasa bila kuikuza aone ni nini iko kulia. Mwalimu mmoja wa darasa, kwa nia ya kuwatuliza watu, akaiweka kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi wa darasa lake akaandika "wazazi wapendwa, kama mtoto wako hayuko kwa hii listi yuko salama".

Haikuchukua muda mzazi mmoja akauliza CCC ni nini kwa shule, mwingine akamjibu, na wa tatu akaandika maneno kuhusu watoto wetu kulala na hao ambayo sitayarudia hapa. Jioni shangazi anayemlea mmoja wa wale watatu akampigia Madam. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwalimu, huyo mtoto mama yake aliniachia na siri hii. Hata binamu zake ninaolala nao nyumba moja hawajui. Sasa nimwambie nini?"

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa wa kwanza ulikuwa kutofunga shule. Wazazi wengine na hata mwanachama mmoja wa BOM walitaka watoto waende nyumbani. Mratibu alikataa na Madam akamuunga mkono, kwa sababu mtoto mwenye kuhara damu akipanda matatu kwenda kijijini anapeleka ugonjwa kwa wadogo zake, na ukishamtawanya huwezi tena kumfuata ujue alipona ama alizidiwa. Tangi lile likafungwa, maji yakaletwa na bouza na kutiwa klorini, vyoo vikawekewa maji ya sabuni mlangoni, wagonjwa wakatengewa choo chao. Flagyl ya kila mtu ikasimamishwa. Klinikal ofisa akawa anakuja shuleni kila siku kuamua nani anahitaji antibaiotiki na nani ORS inamtosha.

Kuhusu picha, Madam alifanya kitu ambacho naona kilikuwa cha busara sana. Wa kwanza kumshauri walitaka aandike kwa grupu zote tangazo refu la kuomba radhi na kueleza. Akakataa, manake wengi walikuwa hawajaiona, na tangazo lingewafanya waitafute. Mwalimu wa darasa akaifuta kwa wote, akawaomba wazazi wa grupu hiyo moja mmoja kwa simu waifute na wao, walimu nao wakafuta mbele ya Madam. Kufuta hakurudishi skrinshoti, hilo wote tulijua. Halafu yeye na mwalimu wa gaidansi wakaenda kwa zile familia tatu wenyewe, kila moja siku yake na bila gari la shule lenye maandishi, wakawaambia kilichotokea chote pamoja na nani aliona.

Mvutano mkali ulikuwa juu ya kumjulisha Kamishna wa Data, ofisi ya serikali inayolinda habari za watu. Mwenyekiti wa BOM alitaka mambo yaishe kimya. Alikumbusha watu vile mwaka 2023 ofisi hiyo ilivyoitoza shule moja ya Nairobi zaidi ya milioni nne na nusu kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na kusema mkienda huko wenyewe mnajipeleka. Mimi niliulizwa nikasema venye ninavyojua: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu kweli, shule ina saa 72 tangu ijue kumjulisha Kamishna, na mwenye data naye ajulishwe. Juu ya hiyo kuna Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya 2006 inayokataza kutoa hali ya mtu bila ridhaa, na ina tribunali yake ambapo familia ingeweza kwenda. Kunyamaza kungezidisha kosa. Kilichomfanya Madam aamue hakikuwa faini. Alisema hawezi kwenda kwa yule shangazi kumwambia tumekosea halafu arudi ofisini kuficha. Taarifa ikaenda kabla saa hazijaisha, ikieleza ni picha gani, ilienda wapi, watoto wangapi na hatua zilizochukuliwa, bila majina ya watoto.

Wasichana watatu wenyewe waliulizwa wanataka nini, kila mmoja peke yake na nesi wa CCC aliyetoka hospitalini. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wazima walikuwa tayari wamepanga: mmoja ahamishwe bweni, dawa ziwe kwa ofisi ya Madam. Wawili walitaka kitu kidogo tu, wasiitwe tena san saa ya prepu kwa jina kupitia spika kuja kunywa dawa. Tarehe za kliniki zikasogezwa ziangukie likizo na midterm, na dawa wakapewa za muda mrefu, wazihifadhi mahali walipokubaliana na nesi.

Matokeo

Hakuna mtoto aliyekufa. Baadhi ya sampuli zilitoa shigella, bakteria wa kuhara damu, wagonjwa wapya walipungua haraka baada ya tangi kufungwa, na mpishi aliyekaa nyumbani akarudishwa kazini. Shule haikufungwa hata siku moja.

Upande wa siri matokeo ni mazito zaidi. Wawili waliendelea na masomo hapo. Wa tatu, yule wa shangazi, aliacha kumeza dawa kwa muda, nesi wa CCC aligundua alipohesabu vidonge vilivyobaki, na ikabidi ushauri uanze upya. Mwisho wa muhula familia ikaomba uhamisho. Shule ilifanya jambo sahihi hapo: cheti cha uhamisho hakikutaja afya kabisa, na barua ya rufaa ikatoka CCC kwenda CCC ya huko anakoenda, shule mpya haikuhitaji kujua isipokuwa yeye na shangazi wakitaka. Alivyo sasa najua yuko shuleni na yuko kwa dawa, na siwezi kusema zaidi.

Uchambuzi

Kitabu kimoja kilikuwa kinafanya kazi nne. Kilikuwa rejista ya wagonjwa, faili la siri, ratiba ya dawa na, ilipobidi, ripoti. Kila kazi ina msomaji wake. Mratibu anataka orodha yenye bweni na tarehe. Deputi anataka kujua ni mzazi gani ampigie. Matroni wa usiku anataka kujua afanye nini mtoto akizidiwa saa nane. Zikikaa ukurasa mmoja, kumpa mtu anachostahili ni lazima umpe na asichostahili, na siku ya haraka hakuna mtu atakumbuka kufunika upande mmoja kwa mkono. Ndio maana sikubaliani na wale waliosema nesi apewe onyo la maandishi mambo yaishe. Ungempa onyo, angekuja mwingine akakuta kitabu ni kile kile.

Walichobadilisha ni hiki. Rejista ya kila siku ina namba ya usajili, bweni, siku dalili zilianza, dalili kama mtoto alivyosema, na alivyomaliza. Inaandikwa dalili, na jina la ugonjwa linaandikwa tu kama limethibitishwa. Hili naona ni muhimu sana huku kwetu ambako kila homa inaitwa malaria na kila tumbo ni typhoid kwa sababu kemisti ya kituoni imefanya Widal, kipimo ambacho peke yake hakitoshi kuthibitisha chochote. "Kuendesha na damu, siku ya pili" inamsaidia mratibu. "Typhoid" ya kubahatisha inampoteza.

Faili za siri ziko kwa kabati lake, moja kwa kila mtoto, ufunguo uko kwa nesi na wa akiba umefungwa kwa bahasha iliyosainiwa kwa sefu ya Madam. Sheria ya data inataka habari za afya zishikwe chini ya mhudumu wa afya ama mtu aliyefungwa na wajibu wa siri, kwa hivyo fomu zote zikatoka ofisi ya deputi. Na fomu yenyewe ya kujiunga ikabadilishwa. Ya zamani ilikuwa na sehemu ya majibu ya HIV, ambayo haifai kuwa hapo, sheria ya 2006 inakataza kumlazimisha mtoto kupimwa ili apate nafasi ya shule. Sasa inauliza: kuna dawa anatumia kila siku ungependa nesi ajue, kuna kitu kinaweza kumletea dharura, tukupigie nani. Mzazi anaifunga kwa bahasha na kumpa nesi mkononi.

Kadi ya usiku ndio nimeipenda kuliko zote. Matroni hakuhitaji kamwe kujua jina la ugonjwa, alihitaji maelekezo. Kadi ya msichana wa selimundu inasema akilalamika mifupa au akiwa na homa usingoje asubuhi, mpe maji, mfunike asishikwe na baridi, piga namba hii, mwite dereva. Ya kifafa inasema mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa, ikipita dakika tano ni hospitali. Matroni mmoja aliniambia miaka yote amekuwa akilala na wasiwasi na watoto hao na hakuna aliyewahi kumwambia la kufanya. Na watoto wa CCC hawana kadi, hawaihitaji, dawa yao si ya dharura.

Ripoti ya wiki ni karatasi moja ya hesabu. Wiki ya kuripoti inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, kwa hivyo Jumatatu asubuhi nesi anahesabu kutoka kwa rejista ni wangapi waliendesha, wa damu wangapi, malaria zilizothibitishwa, surua inayoshukiwa, na kama hakuna anaandika sufuri badala ya kukaa kimya, juu kimya hakituambii kama watoto ni wazima ama nesi alikuwa off. Inaenda kwa kituo cha afya cha jirani. Kuhara damu kwa kundi, kuhara maji meupe kama ya mchele, surua, mtoto kulegea mguu au mkono ghafla, hayo hayangoji Jumatatu, ni simu siku hiyo hiyo. Walimu walizoea haraka kwa sababu dawa za minyoo ziliwafundisha tayari: hesabu inapanda juu, rejista yenye majina inabaki shule. Orodha yenye majina hutoka siku ya mlipuko tu, kwa mratibu, na hapo huhitaji ridhaa ya kila mzazi kwa sababu ni wajibu wa kisheria. Wengine hushika siri mahali si pake, wanamnyima mratibu majina halafu wanayaweka kwa grupu.

Lililoshindwa kabisa ni zile siku kutoka Ijumaa mpaka Jumapili. Hofu ya kufungwa ilitokana na kutojua. Madam alidhani kupiga simu ni sawa na kufungwa, kumbe simu ya Ijumaa ingeleta kifaa cha klorini siku hiyo hiyo na wengi wa wale thelathini wangekunywa maji salama wikendi nzima. Hapa lawama naiweka kwetu upande wa afya na kwa wenzetu wa elimu wa kaunti ndogo. Mwalimu mkuu hufundishwa ukaguzi wa hesabu za pesa kila mwaka, na hakuna siku anaketishwa na mratibu wa magonjwa akaambiwa nikipigiwa hivi ndivyo ninavyofanya. Shule hii sasa ina namba ya mratibu imebandikwa ofisini na san, na mratibu amekuja kwa mkutano wa walimu akajieleza.

Kuna mambo bado hayajakaa sawa. Nesi bado ni mmoja na wa kandarasi, akienda off rejista inaandikwa na matroni, na ukilinganisha mwandiko unaona siku hizo safu ya bweni mara nyingi iko wazi. Wameomba kituo cha afya kiwape mtu wikendi mbili kwa mwezi, jibu halijatoka. Pia hawajaamua faili za waliomaliza kidato cha nne zikae miaka mingapi; sheria inasema data isikae kuliko inavyohitajika, na kwa sasa ziko kwa kasha lenye kufuli zikingoja BOM ikae. Kaunta buku ile nyeusi iko humo pia, maana malalamiko ya familia moja bado hayajaisha na kitabu ni ushahidi.